Songwe ipi? Uhakiki wa ramani zinazojibu haraka mno

Andika neno Songwe kwenye programu yoyote ya ramani, bila kuongeza kitu, halafu angalia unachopewa.

Songwe ni mkoa, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Songwe ni wilaya ndani ya mkoa huo, ila makao makuu ya mkoa hayapo kwenye wilaya hiyo, yapo Vwawa, wilaya ya Mbozi. Songwe ni uwanja wa ndege, na huo uko mkoa wa Mbeya. Songwe ni mto wa mpaka wetu na Malawi unaoingia Ziwa Nyasa, na kuna mto mwingine wa jina hilohilo unaokwenda Ziwa Rukwa. Ukimtajia konda jina hilo pale stendi ya Tunduma, atakurudishia swali kabla hajapokea nauli: "Songwe ipi, bosi? Mkwajuni au uwanja wa ndege?"

Programu ya kwenye simu nayo hujitahidi. Inakushushia orodha, wewe unachagua. Lakini sisi tunaofanya utafiti mara nyingi hatutafuti sehemu mojamoja. Tunakuwa na jedwali la mistari mia mbili, au elfu mbili, kila mstari na anwani yake kama karani alivyoiandika, na tunaikabidhi kompyuta igeuze anwani zote kuwa nukta za ramani kwa mkupuo. Hapo hakuna wa kuulizwa. Mashine inashika jibu la kwanza inaloliona linafaa, inasonga mstari unaofuata. Programu inayofanya kazi hiyo nitaiita jiokoda. Makala hii ni uhakiki wake: inakosea wapi, kwa nini, na nani anaumia ikikosea. Nitaishikilia kwenye kata moja, Ndalambo, wilaya ya Momba, mkoani Songwe, kwa sababu karibu kila kasoro ya jiokoda ninayoijua inaonekana pale bila kuhitaji darubini.

Kazi ya jiokoda ina hatua tatu. Kwanza inakata maandishi vipande: hiki ni jina la barabara, hiki ni mji, hiki ni nchi. Pili inalinganisha vipande hivyo na hifadhi yake ya majina. Tatu inatoa latitudo na longitudo. Ukiona nukta imekwenda pabaya, kosa liko kwenye moja ya hatua hizo, na kujua ni ipi ndiyo nusu ya dawa.

Nianze na makosa mepesi, tuyamalize.

Wilaya ya Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, wakati huo bado ikiwa ndani ya mkoa wa Mbeya. Miaka minne baadaye ukaja mkoa wa Songwe. Maana yake ni kwamba kijiji kilekile, bila mtu kuhamisha hata tofali, kimekuwa na anwani tatu: kwenye daftari la 2010 utasoma Ndalambo, Mbozi, Mbeya, kwenye fomu ya 2014 ni Ndalambo, Momba, Mbeya, kwenye fomu ya 2018 ni Ndalambo, Momba, Songwe. Sasa chukua Nominatim, jiokoda ya mradi wa OpenStreetMap ambayo ni ya bure na wanafunzi wengi huanzia hapo. Hiyo hutaka kila neno uliloandika lipate mwenzake kwenye hifadhi. Mkoa wa kijiji inaujua kwa kuangalia kijiji kimo ndani ya mpaka gani uliochorwa. Kwa hiyo ukiandika jina la kijiji na nchi tu, unaweza kupata jibu. Ukijitahidi kuandika anwani kamili ya zamani, unarudi mikono mitupu. Kadiri unavyoeleza zaidi ndivyo unavyopata kidogo! Mtu asiyejua historia ya mipaka atasema "kijiji hakipo kwenye ramani", kumbe kipo, kilichopotea ni jina la wilaya. Dawa yake ni jedwali dogo la majina ya zamani na mapya, unalipitisha juu ya data yako kabla ya kuituma popote. Ni kazi ya jioni moja.

Lingine ni S.L.P. Hiyo inakuambia barua inasubiri posta ipi, haikuambii mtu analala wapi. Tena jiokoda isiyofundishwa maana ya S.L.P. inaweza kuchukua namba ya sanduku ikaifanya namba ya nyumba. Iondoe.

Na kuna la kugeuza namba. Tunduma iko karibu na latitudo −9.3 na longitudo 32.77. Zipishanishe, yaani weka ya pili mwanzo, na Tunduma yote inahamia Bahari ya Atlantiki, nje kidogo ya pwani ya Moroko. Sahau alama ya kutoa, na umeipeleka Sudan Kusini. Makosa haya yana heri moja, kwamba yanaonekana. Ukifungua ramani ukakuta zahanati yako inaelea baharini, huhitaji mtaalamu wa kukuambia. Yale ya mita mia tatu ndiyo yanayoponyoka. Ramani zetu za zamani za karatasi zilichorwa kwa kipimo cha dunia kinachoitwa Arc 1960, wakati GPS ya simu yako inatumia WGS 84. Ukisoma namba kwenye ramani ya karatasi ukaziingiza kana kwamba ni za GPS, kila kitu kinasogea karibu mita 300, kwa pamoja, kwa unyoofu, na nyumba zinakaa vizuri tu upande usio wake wa barabara.

Hayo yametosha. Sasa twende kwenye kosa ambalo dawa yake haipo kwenye jedwali lako, kwa sababu liko kwenye ubongo wa programu yenyewe.

Masanduku yasiyotutosha

Nominatim inakuruhusu kuuliza kwa namna mbili. Unaweza kumwaga anwani yote kama sentensi, au unaweza kuigawa kwenye masanduku: huduma, barabara pamoja na namba ya nyumba, mji, kaunti, jimbo, nchi na postikodi. Jaribu kugawa anwani ya mkulima wa Ndalambo. Yeye ana kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya na mkoa. Mkoa utauweka kwenye jimbo, sawa. Wilaya iende kaunti, twende hivyohivyo. Kijiji ukisukume kwenye mji. Kata je? Kitongoji je? Ngazi ambayo watu wa pale huitumia kuelekezana, ile ambayo ukiitaja mtu anakunyooshea mkono, ndiyo haina sanduku.

Halafu kuna neno mtaa, ambalo lingestahili makala yake lenyewe. Kwa mujibu wa serikali za mitaa, mtaa ni eneo: lina mwenyekiti, lina wakazi, lina uchaguzi. Kwa matumizi mengine mtaa ni njia ya kupita, yenye kibao kwenye kona. Mtu wa Tunduma mjini akikuandikia "Mtaa wa fulani, Kata ya Majengo", anakupa eneo ndani ya eneo. Jiokoda iliyofundishwa kwamba mtaa ni barabara inatafuta mstari. Ikiukosa, inaanza kutangatanga, na Majengo ziko kila mji. Tunduma ina kata ya Majengo na kata ya Kaloleni. Moshi nayo ina Majengo na Kaloleni. Safari ya kutoka Tunduma hadi Moshi kwa basi ni ya kuchosha viungo, lakini jiokoda inaimaliza kwa sehemu ya sekunde na haitoi hata jasho.

Hii haikutokea kwa bahati mbaya. Wazo la kupata nyumba kwa kufuata mstari wa barabara lilikomaa Marekani kwenye maandalizi ya sensa ya 1970, kwenye hifadhi ya data iliyoitwa DIME. Ilikuwa sensa iliyotegemea sana dodoso za posta, kwa hiyo kila kipande cha barabara kilirekodiwa na namba zake za nyumba za mwanzo na za mwisho. Ukitaka namba 50 kwenye barabara yenye namba 1 hadi 100, unakata mstari katikati. Basi. Ni ujanja mzuri, mwepesi, na kwa mji wenye barabara zilizonyooka na nyumba zilizopangwa foleni unafanya kazi sana. Hifadhi hiyo ilizaa nyingine, TIGER, kwa ajili ya sensa ya 1990, na fikra ya "barabara kwanza, namba baadaye" ikasambaa kwenye programu nyingi tunazozitumia leo. Sensa yetu ya 2022 haikupeleka dodoso kwa posta. Karani alikuja mlangoni na kishikwambi.

Usije ukaambiwa kwamba teknolojia haiwezi kufikiri namna nyingine. Japani, barabara nyingi za kawaida hazina majina. Anwani inataja eneo, kisha kipande cha eneo, kisha namba ya kiwanja au jengo, na namba hizo hazilazimiki kufuatana kwa kutembea. Hata hivyo jiokoda zinazipata nyumba za Tokyo, kwa sababu zilifundishwa anwani za Kijapani na zikapewa data yake. Anwani ya eneo ndani ya eneo si ushamba, na si kasoro inayosubiri kurekebishwa kwa kupaka jina kila kichochoro. OpenStreetMap yenyewe imeliona hilo: nyumba inaweza kuandikiwa addr:street ikiwa iko barabarani, au addr:place ikiwa inajulikana kwa sehemu yake. Ukichora nyumba za kitongoji, tumia hiyo ya pili. Ukilazimisha ya kwanza, programu itaifunga nyumba kwenye barabara ambayo hakuna mwenyeji anayeitaja.

Nukta ya katikati

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Jiokoda ikiikosa nyumba, mara nyingi haisemi imekosa. Inapanda ngazi. Imekosa nyumba, inatafuta barabara. Imekosa barabara, inatafuta kijiji. Imekosa kijiji, inakupa kata au wilaya. Kisha inakuletea nukta moja, kitovu cha hicho ilichokipata, na nukta hiyo inafanana kwa sura na nukta ya nyumba iliyopatikana kweli. Ina tarakimu saba baada ya desimali. Inaonekana ya uhakika kabisa.

Kwa haki, jiokoda nzuri huacha ushahidi. Ile ya Google ina sehemu ya jibu inayoitwa location_type, inayotofautisha nukta iliyo juu ya paa, nukta iliyokisiwa katikati ya namba mbili, kitovu cha umbo fulani, na makadirio tu. Pia inaweka alama pale ilipolinganisha sehemu tu ya ulichoandika. Nominatim inakupa aina ya kitu ilichokipata na mstatili unaokizunguka, kwa hiyo unaweza kuona kama jibu ni nyumba au ni wilaya nzima. Shida ni kwamba watu wengi wakihamisha majibu kwenda kwenye jedwali wanachukua safu mbili tu, latitudo na longitudo, na ushahidi wote unabaki nyuma. Kisha kwenye ripoti wanaandika asilimia ya anwani "zilizopatikana". Mimi namba hiyo siiamini tena. Mashine inayokubali kukupa kitovu cha mkoa inaweza kupata asilimia mia ya kila kitu.

Kisa kinachojulikana sana cha kitovu ni cha Marekani. Mwaka 2016 mwandishi Kashmir Hill alieleza habari za shamba moja karibu na mji wa Potwin, Kansas. Kampuni ya MaxMind, inayokisia kompyuta iko wapi kwa kutumia anwani yake ya intaneti, ilikuwa imeweka nukta karibu na katikati ya nchi kwa kompyuta zote ambazo ilijua tu kwamba ziko Marekani. Anwani za intaneti zaidi ya milioni 600 zikaangukia kwenye shamba hilo. Waliokuwa wakiishi pale walitembelewa kwa miaka na polisi na watu wenye hasira, wakitafuta wezi na matapeli ambao hawakuwahi kukanyaga pale. Baadaye kampuni ikaihamishia nukta hiyo kwenye maji.

Kansas kulikuwa na kelele, ndiyo maana tunajua. Kata ya vijijini haina kelele. Tuseme una mistari mia mbili ya akina mama waliojifungua, wametoka vitongoji mbalimbali vya Ndalambo, na unataka kujua kila mmoja aliishi umbali gani kutoka zahanati. Unaipa jiokoda. Inakurudishia nukta mia mbili, hakuna hata mstari mmoja mtupu, unafurahi. Sasa fikiria nukta ya kijiji huwekwa wapi. Anayechora ramani huiweka senta: pale penye maduka, shule, ofisi ya kijiji, kituo cha magari. Na zahanati huwa wapi? Mara nyingi hapohapo au jirani.

Unaona kinachotokea? Mama wa kitongoji cha mbali, aliyetembea saa mbili kwa njia ya miguu, amehamishiwa senta. Umbali wake unasomeka mita mia tatu. Jirani yake naye. Wote mia mbili wanasomeka kwamba wanaishi mlangoni mwa huduma. Makosa ya kawaida ya vipimo hutawanyika, haya kulia, yale kushoto, na ukiyajumlisha yanapunguzana. Hili halitawanyiki, linavuta watu wote upande mmoja, upande wa senta, na linamvuta zaidi yule aliye mbali zaidi. Yaani ukubwa wa kosa unalingana na ukubwa wa shida ya mtu. Ukimaliza hesabu, wenye shida hawamo.

Na hesabu hizo zina kazi. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Mjadala wa nani ajengewe kwanza ni mjadala wa umbali. Ramani yenye nukta za senta ikiingia kwenye kikao cha namna hiyo, inasema kata imeshahudumiwa, na inasema kwa rangi nzuri.

Anwani za makazi

Utaniuliza: si tayari tuna anwani za makazi? Tunazo, na nisingependa kuzibeza. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni Anwani za Makazi jijini Dodoma tarehe 8 Februari 2022, miezi michache kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huo. Majengo yakapewa namba, barabara zikapewa majina na vibao, na kila kitu kikawekwa kwenye mfumo wa kidijitali unaoitwa NaPA, wenye programu yake ya simu. Cha muhimu kwa mada yetu ni kwamba namba hizo hazikukisiwa kwa kukata mstari. Mtu alifika kwenye jengo, akachukua nukta. Kwa jicho la jiokoda hiyo ni dhahabu. Kata nyingi za vijijini hazijawahi kuwa na kitu cha namna hiyo.

Malalamiko yangu ni mawili.

La kwanza ni la muundo. Anwani ya makazi inasimama juu ya namba, jina la barabara na postikodi. Postikodi zetu zina tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho ni kata. Inaishia hapo. Kwa Kariakoo kata ni eneo unalolizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Kwa kata ya vijijini yenye vijiji kadhaa na mashamba katikati, postikodi inakufikisha mlangoni mwa nchi pana na kukuacha. Kilichobaki kukusaidia ni jina la barabara, na mahali ambapo nyumba zimetawanyika kila moja na shamba lake, barabara hiyo ni njia iliyopewa jina jana. Wenyeji wanaendelea kutaja kitongoji. Kwa nini kitongoji, ambacho kina jina, kina mwenyekiti na kinatambuliwa kisheria, kisingekuwa kipande kikuu cha anwani ya kijijini? Tulikuwa na mfumo wa Kijapani mfukoni tukaenda kuazima wa Kimarekani.

La pili ni kubwa zaidi. Nukta zilizo ndani ya NaPA hazitiririki kwenda kwenye OpenStreetMap. Kwa hiyo namba inaweza kuwa imepigwa ukutani tangu 2022, na jiokoda unayoitumia kwenye utafiti bado inakupeleka senta. Ufaransa waliifungua hifadhi yao ya taifa ya anwani, Base Adresse Nationale, mwaka 2020: mtu yeyote anaipakua na kuitumia. Ndani yake kuna namba, barabara, manispaa na nukta. Jina la mkazi halimo, simu yake haimo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kufungua anwani si kufungua siri za watu. Namba iliyopigwa ukutani inaonekana na kila anayepita. Kinachoombwa ni kwamba ionekane pia na mashine.

Wakati tunasubiri, kuna mfumo mmoja wa hapahapa ambao jiokoda zingeweza kujifunza kwake. m-mama ni mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Unapiga 115 bure, anapokea mtu, anauliza, kisha anatafuta gari la wagonjwa au, kama halipo karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Nguvu yake ni lile neno "anauliza". Mpigaji akisema "tuko nyuma ya ghala la mazao", kuna sikio la kuuliza ghala la kijiji kipi. Konda wa Tunduma anafanya hivyohivyo. Jiokoda ya jedwali haina swali la kurudisha, na watengenezaji wake wamechagua ijibu kuliko inyamaze. Huo ni uamuzi wa kibiashara zaidi ya kisayansi: mteja akiona mistari mitupu analalamika, akiona nukta anatulia.

Basi kama una jedwali mezani sasa hivi, anza na kipimo hiki. Hesabu ni nukta ngapi za kipekee ulizopata. Kama mistari mia mbili imezaa nukta tisa tu, huna nyumba mia mbili, una vijiji tisa. Unaweza kuifanya kwa Excel, ondoa zinazojirudia utazame kilichobaki. Ukimaliza, rudi kwenye majibu ya awali uchukue ile safu ya ushahidi niliyoitaja, uiweke karibu na latitudo na longitudo, na usiifute hata msimamizi wako akisema inajaza ukurasa. Kwenye Nominatim bana utafutaji ndani ya nchi kwa countrycodes=tz, maana Tunduma na Nakonde ya Zambia zimeshikana, majina ya Kinamwanga yako pande zote mbili za mpaka, na jiokoda haina paspoti. Seva ya umma ya Nominatim inaruhusu ombi moja tu kwa sekunde, kwa hiyo mistari elfu mbili ni zaidi ya nusu saa, usiikimbize, utafungiwa.

Kwenye uchambuzi, mistari iliyopatikana kwa ngazi ya kijiji ichambue kwa ngazi ya kijiji. Usipime umbali wa mtu mmojammoja kutoka kwenye nukta ya senta. Ukitaka umbali wa kweli, pata nukta za vitongoji. Hapo hakuna njia ya mkato: ni kwenda na GPS, au kukaa na mtendaji wa kijiji na picha ya satelaiti mkabaki mnanyoosheana vidole, kisha kuziweka OpenStreetMap ili anayekuja nyuma yako asianze upya. Kijiji chenye vitongoji vitano kinahitaji nukta tano. Wiki moja ya watu wawili inaweza kubadilisha kata nzima.

Mistari itakayobaki bila nukta iache mitupu. Usiijaze sifuri, maana sifuri na sifuri ni mahali halisi, majini kwenye Ghuba ya Guinea, na kwenye hesabu ya umbali mgonjwa wako ataonekana amevuka bara zima. Weka safu ya ziada yenye maneno ya karani kama yalivyo, ghala, mwembe, njia panda, yote, na andika kwenye ripoti ni mistari mingapi ya namna hiyo na imetoka vitongoji gani.